Tulivyoipoteza Mashine ya Kliniki ya Muleba

Wenzangu wa kitengo cha mifumo wameniomba niandike uzoefu wangu wa kazi kwa ajili ya wanaobaki na wanaokuja. Nadhani walitegemea mawaidha ya mtu aliyetulia. Sijatulia. Nakaa Hamugembe, asubuhi napalilia migomba nyuma ya nyumba, na kila nikiikumbuka Jumamosi ile ya Muleba jembe hushuka kwa nguvu kuliko magugu yanavyostahili. Kwa hiyo nitaandika, ila mtaupata uzoefu pamoja na hasira yake.

Hospitali yetu mnaijua: ile kubwa ya Bukoba, na tawi lake la Muleba. Nilipoajiriwa, chumba cha kompyuta cha Bukoba kilikuwa chini ya Ma Yustina, mama mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuwa amesomea kazi hiyo nje ya nchi wakati wengi wetu tulikuwa hatujaona hata kompyuta ya mezani. Siku yangu ya kwanza alinipa tochi na plasta nyeupe ya wodini, ile ya kufungia vidonda.

“Fuata kila waya kutoka ukutani mpaka unakoishia,” alisema. “Ukifika, andika kwenye plasta unatoka wapi na unaenda wapi, uibandike.”

“Mama, mimi nimesomea programu.”

“Hongera, waitu,” alisema, kwa lile neno la Kihaya la kumbembeleza mtu. “Huu wa bluu unaenda wapi?”

Sikujua. Nililala kifudifudi chini ya meza karibu siku nzima, nikatoka na vumbi puani na heshima kubwa kwa nyaya. Nilipochomoa waya mmoja kimakosa, alisubiri tu simu ya famasi ilie, akaniachia niipokee mwenyewe. Ndivyo alivyofundisha.

Jambo kubwa nililolipata kwake ni habari ya bakapu. Muleba ilipigwa radi, kompyuta ya stoo ya dawa ikaungua, na tulipotafuta nakala ya akiba tukakuta faili lipo, jina lipo, ukubwa upo, ila halifunguki. Ma Yustina hakupiga kelele. Tangu siku hiyo alitulazimisha kila mwezi tuchague bakapu moja, tuirudishe kwenye mashine ya pembeni, kisha tumwite mwenye kazi, awe muuguzi au mtunza stoo, aje aifungue aone taarifa zake kwa macho yake. “Bakapu ambayo hujairudisha,” alikuwa akisema, “ni maneno ya mlevi. Inawezekana ni kweli.”

Baadaye zikaja mashine pepe. Kwa wanaosoma hii na si mafundi, nieleze kidogo. Zamani kila kazi ilikuwa na kompyuta yake: maabara yake, famasi yake, kliniki ya mama na mtoto yake. Chumba kilikuwa na joto kama jiko la kuni. Sasa unanunua seva moja yenye nguvu, na ndani yake unaweka mashine nyingi zisizoshikika kwa mkono, kama wapangaji katika nyumba moja, kila mmoja na mlango wake. Juu ya nyumba zote kunakuwa na seva ya usimamizi, ambayo ndiyo inayoona nani yuko wapi, nani amehama, nani ameelemewa. Msimamizi akizimwa, wapangaji wanaendelea kuishi. Lakini huwezi kuleta msimamizi mpya asiyeielewa nyumba kuukuu, halafu utegemee amani.

Ma Yustina alistaafu, akarudi kwao Izimbya kwenye kahawa yake. Nikabaki mimi na wachache. Mkuu wetu mpya akawa Bwana Festo. Sitasema hakuwa na akili. Alikuwa nayo, ila alipenda vitu vinavyoonekana: skrini kubwa ukutani, uzinduzi, wageni, picha. Maandalizi hayapigwi picha, kwa hiyo hakuyaona.

Muleba tulikuwa na Jesca, fundi wetu wa mifumo huko. Alikuwa na shahada yake, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mcheshi mpaka pale ulipomwambia afanye jambo asiloliamini. Hapo alikuwa anakunja mikono na kukutazama tu. Alikuwa kwenye mkataba wa muda uliokuwa ukihuishwa mara kwa mara, na kila ulipokaribia kwisha wakubwa walimkumbusha kwa namna moja au nyingine.

Ikafika zamu ya kupandisha toleo la seva ya usimamizi. Niseme wazi, kwa sababu baadaye niliitwa mpinga maendeleo: mimi ndiye niliyeanza kuliomba. Toleo tulilokuwa nalo lilikuwa limezeeka, halipati tena marekebisho ya usalama, na mfumo mpya wa wagonjwa ulikuwa unadai toleo jipya. Bwana Festo akakubali haraka, akatafuta kampuni ya kufanya kazi hiyo, akapanga na tarehe ya uzinduzi na mgeni rasmi. Alipomaliza yote hayo ndipo akaniita aniambie niandae miundombinu.

Nikaanza kama nilivyofundishwa. Kwanza nilipitia kila seva, si kwa kukumbuka, bali kwa kuifungua na kutazama: toleo gani, kichakataji gani, kadi ya kuunganishia diski ya aina gani. Nikalinganisha na orodha ya mtengenezaji ya vifaa ambavyo toleo jipya linavikubali. Nikaangalia saa za seva zote, maana saa zikipishana hizi mashine hazielewani hata kidogo. Nikaangalia kama kila jina la seva linaelekeza kwenye anwani yake sahihi. Nikafuta picha za muda, yaani nakala za hali ya mashine ambazo watu walizichukua wakasahau, zikawa zinakula diski kimyakimya. Nikajaribu maneno yote ya siri ya wasimamizi, nikakuta moja hakuna anayelijua. Kazi ya kuchosha. Hakuna anayeisimulia baa.

Nilipata mambo mawili mabaya, na yote mawili yalikuwa Muleba.

La kwanza, seva ya Muleba ilikuwa kuukuu mno. Toleo jipya la usimamizi lisingeitambua, na ukilazimisha kuipandisha nayo, kadi yake ya diski haikuwa tena kwenye orodha. Maana yake ingewaka vizuri, ila isione diski zake. La pili, bakapu za Muleba zilikuwa na alama ya kijani kila siku, lakini nilipojaribu kuirudisha ile ya maabara, ilikataa. Nikajaribu ya famasi, ikakataa.

Nilimweleza Bwana Festo mbele ya wenzetu, ofisini kwake.

“Alama ni ya kijani,” alisema. “Mimi naiona hapa kwenye skrini.”

“Naiona pia, mkuu. Lakini hairudi.”

“Unataka nini?”

“Tusogeze mbele. Tuzihamishe mashine za Muleba kwenye seva nyingine kwanza, tutengeneze bakapu upya, tuzijaribu. Kisha tupandishe.”

“Ta Projesti,” aliniita kwa lile Ta la heshima la Kihaya kila alipotaka kunidharau, “wewe kila kitu ni kesho kutwa. Mgeni rasmi ameshakubali. Nimwambie nini? Kwamba mzee mmoja ana wasiwasi?”

“Mwambie ukweli. Hospitali ina wagonjwa.”

Akacheka, na wawili watatu wakacheka naye. Nawafahamu. Wengine mtaisoma hii.

Sikusubiri ruhusa. Nilipanda basi kwenda Muleba, nikamkuta Jesca ameshaandaa diski ya nje na kompyuta ya pembeni. Tukazima mashine ya maabara mchana wakati foleni imepungua, baada ya kukubaliana na watu wa maabara, tukainakili yote, tukaiwasha kwenye ile kompyuta ya pembeni. Jesca akamwita mkuu wa maabara, naye akafungua majibu ya wiki ile, akasema ni yenyewe. Tulipanga kesho yake tuishike mashine ya kliniki ya mama na mtoto. Tulikuwa tunakula matoke na dagaa kwenye mgahawa wa nje ya geti simu ilipoita. Bwana Festo. Nirudi Bukoba mara moja, na kuanzia kesho nianze likizo yangu ambayo nilikuwa sijaichukua.

“Nenda tu, Ta,” Jesca alisema. “Kliniki nitaifanya mwenyewe.”

Hakuifanya. Si kwa uvivu. Asubuhi alikuta neno lake la siri limefungwa kwa amri kutoka Bukoba, ati mifumo isiguswe hadi wataalamu wafike. Mtu anayejaribu kuokoa taarifa za kliniki anafungiwa mlango, na anayekuja kuziharibu anapewa funguo na chai. Mpaka leo nikiandika sentensi hiyo kalamu inakwaruza karatasi.

Nilikwenda Izimbya kumsalimia Ma Yustina na kumsaidia kuanika kahawa. Jumamosi, jua likiwa utosini, Jesca akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kulia.

“Wamefuta diski.”

Alinisimulia. Seva ya usimamizi ya Bukoba ilipandishwa asubuhi, na kama nilivyosema, ikaionyesha seva ya Muleba kwa rangi nyekundu, haiitambui. Mashine za Muleba zilikuwa bado zinafanya kazi. Wauguzi walikuwa wanaingiza wagonjwa kama kawaida. Kilichotakiwa ni kuziacha. Lakini rangi nyekundu ingeonekana kwenye skrini siku ya uzinduzi, kwa hiyo fundi wa kampuni aliyekuwa Muleba akaambiwa kwa simu aipandishe na hiyo. Akaipandisha. Ikawaka, haikuona diski.

“Nilisimama mbele ya seva, Ta,” Jesca alisema. “Nilimwambia diski ni nzima, data imo, tafuta toleo la zamani ulirudishe utaziona. Yule fundi akasita. Akampigia Bwana Festo, akaweka sauti ya nje. Bwana Festo akasema, ‘Bakapu ni za kijani. Futa, anza upya, rudisha.’ Nikasema hazirudi, tulizijaribu. Akasema, ‘Huyo binti atoke humo chumbani.’ Mlinzi akanitoa.”

Ma Yustina alikuwa amesimama karibu yangu na ungo wa kahawa mikononi, akisikia kila neno. Aliuweka chini.

“Nenda,” aliniambia. “Mimi kahawa najua kuanika.”

Nikapanda bodaboda mpaka lami, nikapata gari. Nilipofika Muleba fundi wa kampuni alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kichwa mikononi. Alikuwa amejaribu kurudisha kila bakapu. Hakuna iliyorudi. Nilitaka kumfokea nikashindwa. Aliniambia, “Mzee, mimi nilitumwa,” na nikaona kweli alitumwa.

Maabara tuliirudisha kutoka kwenye diski yetu kabla jua halijazama. Famasi walikuwa na karatasi zao za stoo, wakajipanga upya. Kliniki ya mama na mtoto haikuwa na chochote. Miaka ya mahudhurio, chanjo, na majibu ya watoto wachanga yaliyokuwa yametoka maabara kubwa ya nje ya hospitali na kuingizwa humo, vyote vilikwenda.

Jumatatu kliniki ilifunguliwa. Nilikuwepo, na ningependa Bwana Festo naye angekuwepo. Alikuja mama mmoja wa visiwani, jina lake silitaji. Alikuwa amevuka ziwa na mtoto mgongoni, amefuata majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI cha mtoto wake. Mtoto alishapimwa awali, sampuli ikaenda, mama akaambiwa arudi. Muuguzi alifungua mfumo mtupu, akaniangalia, akamwangalia mama.

“Itabidi tumpime tena mtoto, mama.”

“Kwa nini? Majibu hayajaja?”

“Yalikuja.”

“Yako wapi?”

Muuguzi aliinamia kibodi. Mimi nilitazama sakafu, na ninaona aibu hata kwa niaba ya waliosababisha. Jesca ndiye aliyechuchumaa mbele ya benchi, akazungumza naye Kihaya, polepole. Akamwambia ukweli: majibu yalifika, yaliwekwa kwenye kompyuta, na watu wa hospitali wakayafuta kwa haraka zao. Hakusingizia umeme. Hakumsingizia Mungu.

Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Aliyeyafuta ana mtoto?”

Akamvua mtoto soksi mwenyewe, akautoa mguu. Mtoto alichomwa kisigino mara ya pili, akapiga ukelele, na mama akawa anamtazama muuguzi usoni bila kupepesa. Kulala mjini hakuweza, alirudi kisiwani kusubiri upya. Majibu yalipokuja, mtoto alikuwa salama, hana virusi. Namshukuru Mungu kwa hilo. Ila zile wiki alizokaa hajui, nani atamrudishia?

Na hakuwa peke yake. Maabara kubwa walitutumia tena baadhi ya majibu, mengine hawakuweza. Jesca na wauguzi walikaa na kadi za kliniki ambazo akina mama huzitunza majumbani ndani ya mifuko ya nailoni, wakaingiza moja moja kila mama alipofika. Watu waliohifadhi taarifa vizuri kuliko hospitali walikuwa wale akina mama.

Kisha kikaitwa kikao cha tathmini Bukoba. Uzinduzi ulikuwa umeshafanyika, mgeni rasmi alikata utepe, skrini ilikuwa kijani kote kwa sababu Muleba ilikuwa imeondolewa kwenye orodha. Bwana Festo alisoma taarifa: kulitokea hitilafu ya umeme Muleba, na mtumishi wa zamu hakutoa ushirikiano.

Nilisimama kabla hajamaliza.

“Umeme haukukatika,” nilisema. “Nilikuwa Muleba jioni ile ile, nimeongea na mtu wa jenereta, hakuiwasha hata mara moja. Na huyo mtumishi unayemsema ndiye pekee aliyekuambia usifute.”

“Kaa chini, Ta Projesti.”

“Sikai. Uliambiwa ofisini kwako, mbele ya hawa, kwamba bakapu hazirudi. Mlicheka.”

Mganga Mkuu, daktari ninayemheshimu kwa mambo mengine, aligonga meza taratibu. “Jamani, yaliyopita yamepita. Tuangalie mbele.”

Nawaombeni mlikumbuke neno hilo. Kila mnapolisikia kikaoni, ulizeni nani ameachwa nyuma. Aliyeachwa nyuma safari hii alikuwa Jesca. Mkataba wake ulipokwisha haukuhuishwa. Nilikwenda kwa Mganga Mkuu, nikaenda utawala, nikaenda tena. Niliambiwa ni utaratibu. Nilipouliza utaratibu gani, niliambiwa nisiwe mkali. Jesca alifungua duka la kuchapa na kudurufu Muleba mjini. Mtu aliyeweza kuinua hospitali nzima kutoka kwenye diski moja, anawachapia watu wasifu wa kuombea kazi.

Miezi iliyofuata nilipewa mimi kazi ya kusafisha. Seva mpya ya Muleba ilinunuliwa, safari hii baada ya kutazama orodha ya vifaa. Nilitengeneza bakapu upya, nikarudisha mashine zote, si moja, nikamwita mwenye kila kazi aje aone. Muuguzi wa kliniki alikaa mbele ya skrini akapitia jina baada ya jina, akasema, “Wapo.” Toleo lililofuata lilipotoka tulipandisha Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Nilikuwa nimeandika njia ya kurudi nyuma hatua kwa hatua, na hatukuihitaji. Hakuna simu iliyolia. Hakukuwa na utepe. Bwana Festo aliniuliza Jumatatu tutaanza lini.

“Tulimaliza jana,” nilimwambia.

“Mbona sikuona kitu?”

Niliondoka ofisini kwake kabla sijasema neno ambalo lingenikosesha sherehe ya kuagwa.

Sherehe yenyewe, nilipostaafu, ilifanyika ukumbi wa hospitali. Palikuwa na matoke, nyama, na senene wa kukaanga, maana msimu ulikuwa umefika. Bwana Festo alipewa kipaza sauti. Alinisifu kwa utulivu wangu, na kwa jinsi nilivyomsaidia kuivusha hospitali katika kipindi kigumu cha hitilafu ya umeme. Watu wakapiga makofi. Wakanipa kipaza sauti nishukuru.

Nilishukuru wapishi. Nilimshukuru Ma Yustina, aliyekuwa amekaa mbele na fimbo yake. Kisha nikasema kwamba hapakuwa na hitilafu ya umeme, kwamba diski zilifutwa kwa amri, na kwamba mtu aliyejaribu kuizuia anaitwa Jesca, na hayumo ukumbini kwa sababu mlimwondoa. Nikasema sitapokea sifa za utulivu, sikuwahi kutulia. Nikarudi kukaa. Mshereheshaji akaweka muziki kwa haraka, lakini hakuna aliyesimama kucheza.

Mganga Mkuu alinifuata tukiwa tunanawa mikono.

“Huyo binti bado yuko Muleba?”

“Yupo.”

“Nipe namba yake.”

Nikampa. Siku chache baadaye Jesca akanipigia. Mganga Mkuu amemwomba arudi, kwa ajira ya kudumu safari hii.

“Umemjibuje?”

“Nimemwambia nitarudi siku Bwana Festo atakaposimama mbele ya watumishi wote, Bukoba na Muleba, aseme nilimwambia asifute na akafuta. Maneno hayo hayo. Si hitilafu.”

“Akasemaje?”

“Amesema wanalitafakari.”

Mpaka ninapoandika haya wanalitafakari bado. Ninyi mnaobaki mnakutana nao kila siku kwenye korido na kantini. Waulizeni wamefikia wapi.